Harusi Tuliyoipeleka Habaswein

Niliondoka Garissa kwa sababu ya mguu wa kaka yangu. Yusuf alikuwa na miaka kumi na tisa, mimi kumi na sita, na vita vilikuwa vimeingia mwaka wa tatu. Serikali iliwaita wapiganaji shifta. Sisi nyumbani tuliwaita vijana wa porini, waliotaka mkoa wetu ujiunge na Somalia, na karibu kila nyumba ya mtaa wetu ilikuwa na kitanda kimoja kisicholaliwa. Siku moja mchungaji wa ngamia alikuja dukani kwa baba kununua majani ya chai, akamnong'oneza mama kwamba Yusuf amepigwa risasi chini ya goti, amefichwa kwenye matete ya kinamasi cha Lorian, upande wa Habaswein, na kidonda kimeanza kunuka. Dawa huko hakuna.

Mama hakulia. Alijitanda shuka lake, akaenda moja kwa moja kwa Eeddo Dahabo, dada yake baba.

Eeddo maana yake ni shangazi, na kwetu shangazi naye humwita mtoto wa kaka yake eeddo, kwa hiyo mimi na yeye tuliitana jina moja kutwa nzima. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya Tana. Binti yake Fadumo alikuwa ameposwa na Abdi, mfugaji wa Habaswein, na harusi ilikuwa imeahirishwa mara mbili kwa ajili ya vita. Eeddo alimsikiliza mama mpaka mwisho, kisha akasema, "Basi tunaoza."

Jioni ile aliniita. "Eeddo, wewe una Kiswahili cha shule. Changu askari wanakicheka. Utakuwa mdomo wetu njiani."

"Wakiniuliza tumebeba nini?"

"Sema tumebeba harusi. Si uongo."

Siku tatu tulikata bafta nyeupe vipande virefu vyembamba vya kufungia vidonda, tukavikunja. Vidonge na poda vililetwa na mtu nisiyemjua, wala sikuuliza. Vile vidonge na poda Eeddo alivitia chini kabisa ndani ya heero, kile chombo cha nyama ya harusi kinachofumwa kwa ukindu na kuvalishwa nguo kama bibi harusi mdogo, kisha hufungwa kwa uzi mrefu ambao mwisho wake hauonekani. Juu ya vidonge aliweka ngozi safi, na juu ya ngozi akashindilia nyama kavu iliyokaangwa kwenye samli.

Asubuhi ya safari, wanawake saba tulijifungia chumbani kwa Eeddo, tukazungushiana bafta kiunoni na tumboni, chini ya magauni. Tulipotoka, baba alitutazama mmoja mmoja. "Wallahi," alisema, "kwangu mmekula vizuri." Akageuka kutafuta kitu dukani. Mpaka leo sijui alijua kiasi gani.

Tulitoka Garissa jua likiwa limepanda kidogo, na kibali cha ofisini mkononi mwangu, wazee wawili wakiongoza ngamia sita. Ngamia watatu walibeba nyumba ya Fadumo: miti iliyopindwa, mikeka, kamba, vibuyu vya maziwa. Mvua za gu, yaani masika, zilikuwa zimepita karibuni. Nchi ambayo miezi miwili nyuma ilikuwa nyekundu tupu sasa ilikuwa na majani mpaka magotini, na vipepeo wadogo wa manjano walikuwa wakiruka kila ngamia alipoweka mguu. Sikuwahi kwenda mbali hivyo kwa miguu. Nilikuwa na joto, nilijikuna chini ya bafta kama mbuzi mwenye kupe, na nilikuwa na furaha niliyoionea haya, maana kaka yangu alikuwa mgonjwa.

"Usione haya," Eeddo aliniambia nilipomweleza. "Ukienda na uso wa matanga, nani ataamini ni harusi? Imba."

Tukaimba. Siku ya pili, ya tatu, ya nne, tuliimba asubuhi mpaka jua likatunyamazisha, tukapumzika kwenye kivuli cha migunga, tukaendelea alasiri, na kabla jua halijazama tulipiga kambi kwa sababu ya amri ya kutotembea usiku. Fadumo alimjua Abdi kwa kumwona mara moja tu, na alichokumbuka ni masikio.

"Makubwa?" nilimuuliza.

"Si makubwa. Yamesimama. Kama anasikiliza kitu."

"Basi atakusikiliza wewe," alisema Eeddo. "Wengine masikio yao yamelala." Tulicheka mpaka mmoja wa wazee akageuka kuuliza kama kuna nyoka.

Siku ya tano tulifika kisimani tukakuta mifupa. Ngamia wengi, wakubwa kwa wadogo, wamelala walivyoangukia walipopigwa risasi na askari. Mzee aliyekuwa mbele alisimama, akataja alama ya chapa aliyoiona kwenye kipande cha ngozi na jina la mwenye mali, mtu aliyewahi kula naye. Hatukuimba tena siku ile. Tulichota maji, tukanywesha, tukapita.

Siku ya sita, saa nne asubuhi, tulifika Modogashe, na hapo barabara ilikuwa imefungwa kwa magogo. Koplo mmoja mpana, mwenye sauti ndogo kuliko mwili wake, alitoka kwenye kivuli cha turubai na askari wanne.

"Mnatoka wapi?"

"Garissa, afande. Tunampeleka bibi harusi kwa mumewe, Habaswein." Nikampa kibali. Alikisoma mara mbili.

"Na miti yote hii?"

"Ni nyumba yake."

"Nyumba? Juu ya ngamia?"

"Kwetu bibi harusi huenda kwa mume na nyumba yake, afande."

Alicheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye mikeka, nami niliona anachofikiria: bunduki. Kisha akaiona heero, akaichukua mikononi, akaitikisa. "Hii nini? Fungua."

Eeddo hakungoja tafsiri yangu. "Hii hafungui mimi, hafungui wewe!" alisema. "Nafungua watu ya bwana arusi beke yao. Wewe nafungua, wewe nalibia ngamia!"

Askari waliangua kicheko. Koplo naye alitabasamu, akaanza kutafuta mwisho wa uzi kwa vidole. Aliugeuza huku na huku. Hakuupata. Askari wake walipozidi kucheka, uso ulimbadilika, akatoa kisu.

Sikuwa na muda wa kuogopa. "Afande," nilisema, "uzi huo ukikatwa, kwetu harusi imevunjika. Itabidi turudi Garissa, na huyu dada amengoja miaka miwili. Lakini kama unataka kujua nyama yenyewe, ipo nyingine." Nikafungua kibuyu cha chakula chetu cha njiani, nikampakulia kwenye kifuniko. Alionja. Akaonja tena. Akakirudisha kisu, akawapa na wenzake.

"Haya," alisema akijifuta samli mdomoni. "Nyama nimeiona. Sasa nataka kuiona nyumba. Ijengeni hapa."

Ilikuwa lazima. Tulishusha mizigo yote, na askari waliichoma mikeka kwa singe, wakaipiga miti kwa vitako vya bunduki kusikiliza kama ina uwazi. Halafu tukaanza kujenga. Kujenga nyumba ya kuhama ni kazi ya wanawake, na kazi ile ina nyimbo zake. Kwanza tuliimba kwa hasira. Mti wa tatu uliposimama tulikuwa tunaimba kweli. Askari mmoja kijana, mwembamba, kofia imemzidi kichwa, aliweka bunduki chini akashika mti uliokuwa unamponyoka Fadumo. Wa pili akaja. Eeddo akawa anawaamuru kwa Kisomali, nao wanatii bila kuelewa neno.

Mimi nilikuwa nimenyoosha mikono juu, nafunga kamba, niliposikia kitu kinateleza kiunoni. Bafta ilikuwa imelegea kwa jasho. Ikashuka taratibu pajani, ikatokeza chini ya gauni, ikalala mchangani, nyeupe, ndefu kama mkono. Nikatazama chini. Yule askari kijana alikuwa anatazama palepale.

Tulitazamana. Mdomo wake ulifunguka.

"Haya huna!" Sauti ya Eeddo ilipasua hewa. "Natazama nguo ya ndani ya msichana! Mama yako nakufundisha hii?"

Kijana wa watu aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Samahani, mama! Samahani!" Aligeuka, akajifunika uso kwa kofia, na alipoona wenzake wanatazama akawafokea, "Geukeni nyinyi! Geukeni, kuna msichana!" Wakageuka wote. Koplo naye, kifuniko cha nyama mkononi, akageukia magogo yake.

Nilikimbilia ndani ya nyumba, ile ile waliyotulazimisha kuijenga. Wenzangu wakanifuata, na mle ndani wakanifunga upya huku wamejiuma midomo wasicheke. Ni hapo tu ndipo hofu iliponifikia. Fadumo alinishika uso akaniambia kwa kunong'ona, "Umeshapita, abaayo, dada yangu. Umeshapita."

Tulipotoka, koplo aliingia, akasimama katikati ya nyumba, akagusa mkeka wa paa. "Kuna baridi nzuri humu," alisema, kama anayezungumza na nafsi yake. Akatoka, akawaamuru askari watusaidie kupakia. Yule kijana hakunitazama tena hata mara moja.

Siku ya tisa tulifika kambi ya kina Abdi, nje ya Habaswein, karibu na kinamasi. Kabla hatujasalimiana vizuri, dada yake Abdi alituchukua wanawake wote saba, tukaingia kwenye matete marefu kuliko ngamia. Hapo tulishika ncha za bafta, tukazunguka kama pia, kila mmoja akimfungua mwenzake, nguo nyeupe zikijaa mikononi, na kicheko tulichokuwa tumekibana tangu Modogashe kikatutoka chote. Ndege walipaa kutoka majini kwa kelele zetu.

Yusuf alikuwa amelala hatua chache ndani, chini ya kibanda cha matete, pamoja na vijana wengine wawili. Walikuwa wanne. Wa nne alizikwa siku mbili kabla hatujafika, na mkeka wake ulikuwa bado umetandikwa, kwa sababu hakuna aliyependa kuwa wa kwanza kuukunja. Kaka yangu alikuwa amebaki macho na meno. Aliniona, akasema, "Sahra, mbona umekonda? Kicheko chako nilikisikia nikadhani anakuja mtu mnene."

Nur, mzee aliyewahi kuwa dresa, mfunga vidonda, hospitalini, ndiye aliyewatibu. Jioni ile watu wa Abdi walikaa duara na heero katikati, wakatafuta mwisho wa uzi kwa vitendawili na mizaha, na kila aliyekosea tulimpigia vigelegele vya kumzomea. Abdi mwenyewe ndiye aliyeupata. Masikio yalikuwa yamesimama kweli. Wageni walikula nyama. Ngozi ilipoinuliwa, Nur alipokea vidonge kwa mikono miwili, akavihesabu kwa midomo, asitoe sauti.

Harusi ilidumu siku saba. Asubuhi nilimshika Yusuf mikono Nur akimsafisha kidonda kwa maji ya chumvi na kukitia poda, naye aliuma kitambaa mpaka machozi yakamtoka. Alasiri nilikuwa kwenye ngoma, nimepakwa hina mpaka viwiko, napiga makofi na wanawake wakimsifu Fadumo kwa mashairi. Siku ya tano homa ilimwacha Yusuf. Siku ya saba aliomba chakula. Siku tuliyoagana alisimama, kaegemea fimbo, akajaribu kucheza hatua moja kunionyesha. Alianguka kwenye matete akicheka.

Nilirudi na Eeddo kwa lori la mfanyabiashara wa ngozi, sisi wawili juu ya marobota, na kwa sababu ya vita magari yalikwenda kwa msafara wenye ulinzi. Mbele askari, nyuma askari. Mmoja wao alitugawia biskuti, akaniambia, "Usiogope, dada. Shifta hawezi kukugusa tukiwa hapa."

"Asante, afande," nilisema. Eeddo alijifunika uso wote kwa shuka, na marobota yakatikisika kwa kicheko chake njia nzima mpaka Shimbirey.

Garissa tulifika adhuhuri. Mbele ya wateja baba aliuliza harusi ilikuwaje, nikamweleza: ngamia wangapi walichinjwa, nani aliimba vizuri. Mama alingoja mpaka tukabaki wawili jikoni. Hakuuliza habari za mguu.

"Anakula?"

"Anakula, hooyo. Siku ya mwisho Eeddo alimnyang'anya sahani."

Mama alikaa chini, mgongo ukutani, akacheka mpaka akalia.

Nilichojifunza safari ile ni hiki. Kabla yake nilidhani ushujaa ni wa watu wanaokwenda porini na bunduki, na kwamba sisi tunaobaki kazi yetu ni kungoja habari. Sikujua kwamba mtu anaweza kuwa na hofu na furaha kwa wakati mmoja, na bado miguu ikaenda. Nilijifunza pia kwamba yule anayekuzuia njiani anaweza kuwa kijana wa rika lako anayeona haya. Jambo hilo halikuifanya mifupa ya kisimani kuwa michache, lakini sikuweza kulisahau.

Wiki ya tatu baada ya kurudi, Eeddo Dahabo aliingia uani na jora jipya la bafta chini ya kwapa.

"Eeddo," alisema, "kuna harusi Griftu."

"Nani anaolewa?"

"Bado tunamtafuta."

Nikaingia ndani kumwomba mama ruhusa. Nilimkuta ameshaanza kunikunjia nguo.