Helmeti ya Kwamboka na Kilemba cha Mjini

Steji ya boda boda ya Gesima ina vijana wengi, na mwanamke mmoja tu. Huyo ni Kwamboka. Akina mama wa vilimani wakitaka kwenda mahali na watoto wachanga, humtafuta yeye kwanza. Kwake mtu anaweza kujifunga leso vizuri bila kuharakishwa, na akisema "punguza mwendo", mwendo unapungua, wala hachekwi.

Basi mwenyekiti wa steji, mzee Omwenga, akatoa amri: kuanzia Jumapili, asiye na helmeti hapakii abiria. Kwamboka hakuona shida. Alikuwa nayo moja, kubwa, ya kufunika uso wote, aliyoachiwa na kaka yake. Akaanza kuivaa siku ile ile ili aizoee.

Lakini asubuhi za Gesima ukungu hulala juu ya majani ya chai mpaka jua lichomoze sawasawa. Katika ukungu huo akina mama wakaona mtu asiye na uso akiwajia na pikipiki, nao wakasogea kando. Nyamoita, ambaye Kwamboka amembeba tangu akiwa mjamzito, alimpita hivi hivi na mtoto wake mgongoni, akaenda kwa Mose.

"Mama, ni mimi," Kwamboka akaita. Sauti ikatoka kama ya mtu aliyeanguka ndani ya tangi la maji.

Mose akawasha pikipiki huku akicheka. "Mwambie atoe kitambulisho kwanza."

Wiki nzima ikawa hivyo. Akiivua, amri ya mzee Omwenga inamngoja. Akiivaa, wateja wake hawamjui. Kilichobaki ni kutafuta helmeti nyingine, ile fupi ya kichwa tu ambayo vijana huiita hafu, uso ukae nje watu wauone.

Ijumaa mchana akashuka Kisii. Wee, furaha aliyokuwa nayo! Na kwa kuwa mjini ni mjini, akajifunga kilemba chake kizuri cha kitenge, kile cha kukunjwa mara nyingi mpaka kinasimama.

Duka la spea la Nyasani lilikuwa na helmeti ukuta mzima, zinang'aa kama maboga yaliyopakwa mafuta. Kwamboka alitaka kuzigusa zote. Ya kwanza ilikaa juu sana. Alipojitazama kwenye kioo cha pikipiki iliyoegeshwa mlangoni, akaona uyoga umevaa jaketi la reflekta. Ya pili ilimbana kwenye paji la uso mpaka macho yakamtoka. Ya tatu ilikuwa nyeusi, imeshuka chini vizuri, imelala juu ya nyusi tu, nyepesi, sponji laini.

"Kaa nayo kidogo," Nyasani akamwambia. "Helmeti mbaya haikuumizi saa hiyo hiyo. Inangoja ufike mbali."

Akakaa nayo huku akizungukazunguka dukani. Haikumuuma popote.

"Lakini nikuambie ukweli, dada. Hii haifuniki kidevu. Ukianguka kifudifudi, uso ndio utakaogonga chini."

"Mimi nabeba watoto. Mbio namwachia Mose."

Akaichukua. Badala ya kurudi Gesima moja kwa moja, akaelekea Nyakoe kumwonyesha shangazi yake Nyakerario, anayeuza ndizi pale sokoni. Upepo ulimpiga mashavuni, masikio yakasikia kila honi, naye akawa anatabasamu peke yake barabarani.

"Sasa unafanana na mtu," Nyakerario akasema. "Vua kilemba upumzike, umelowa jasho."

Kwamboka akavua kilemba, akafunga kitambaa chake chepesi cha kazini, kile anachovaa kila siku. Kisha akairudisha helmeti kichwani ili shangazi aione tena. Ikamshukia mpaka puani. Akatikisa kichwa, nayo ikazunguka kama kifuniko kwenye sufuria isiyo yake.

Nyakerario alicheka mpaka akakalia mkungu wa ndizi. "Moiseke one, msichana wangu, umepimia kilemba. Kichwa ulikiacha nyumbani."

Kwamboka hakucheka. Alitazama jua. Nyasani ni Msabato kama yeye, na Ijumaa Msabato hangoji jua lizame dukani. Akikosa leo, kesho ni Sabato, na keshokutwa ni ile Jumapili yenyewe.

Akajifunga kilemba upesi ili helmeti isicheze, akarudi Kisii akipenya kati ya magari ya Ijumaa, kila dereva akitaka kufika kwao wa kwanza. Alimkuta Nyasani ameshateremsha mlango nusu. Akainama, akapitisha helmeti chini ya mlango.

"Dada, Sabato imefika mlangoni."

"Hata kwangu imefika. Lakini hii nilipima na kilemba cha mjini."

Nyasani akainua mlango. "Kazini unavaa nini?"

Akamwonyesha kitambaa. Akapewa ndogo zaidi, ya bluu. Akaivaa, akatikisa kichwa, akainama kama anayefunga kamba za viatu. Haikusogea. Nyasani akakaza kamba ya kidevuni, akamwambia apitishe vidole, vikapita kwa shida kidogo tu.

"Hiyo sasa ni yako. Nenda, niache nifunge."

Sabato aliimalizia kwa shangazi yake Nyakoe. Helmeti ilikaa dirishani, na Nyakerario akamwonya mara kadhaa aangalie Biblia, asiangalie dirisha.

Jumapili asubuhi, ukungu wa Gesima ulikuwa pale pale. Nyamoita akateremka na mtoto mgongoni, anampeleka kwa nyanya yake. Akasimama, akakaza macho.

"Bwakire, Kwamboka," akamsalimu. "Hilo bakuli umelitoa wapi?"

"Kisii. Panda."

Kabla hajapanda, Kwamboka akamkabidhi ile helmeti kubwa ya kaka yake. Nyamoita akaigeuza huku na huku, akaivaa, uso wote ukapotea.

Walipopita mbele ya steji, mzee Omwenga akahesabu vichwa viwili vyenye helmeti, akaridhika. Mose akanyoosha shingo.

"Kwamboka, umembeba nani huyo?"

Kwamboka alimsikia vizuri kabisa. Akampungia mkono, akapunguza mwendo kwenye kona, wakashuka kilima.