Mchuzi wa Dengu Usioonjwa Jikoni

Kiangazi kile, upepo wa ziwani ulipokuwa ukiingiza vumbi la Bujumbura hadi ndani ya vikombe, Consolate alikuwa msichana mwembamba aliyetoka karibuni shuleni kwa masista. Alipata kazi ya kumsaidia Mama Kanta, mke wa muuza vitambaa katika mtaa wa Wahindi. Siku ya kwanza alichota mchuzi wa dengu kwa kijiko, akaupeleka mdomoni kama mpishi yeyote wa kwao. Mama Kanta akamshika mkono, bila ukali.

"Binti, Mungu amekwisha kula?"

"Apana, Mama."

"Basi na wewe ngoja. Una pua, una masikio. Havikutoshi?"

Ndivyo ilivyokuwa desturi ya nyumba ile ya Kihindu: chakula hakikuonjwa jikoni. Sehemu ya kwanza ilitengwa katika kibakuli mbele ya sanamu ndogo, ndipo watu walipokula. Kwa hiyo Consolate alijifunza kupika kwa kunusa na kusikiliza. Alijua jinsi haradali zinavyopasuka katika samli ya moto, kwanza moja moja, kisha zote kwa fujo, kama watoto waliofunguliwa mlango wa darasa. Zikianza kunyamaza, hutiwa bizari nyembamba na mvuje. Mvuje hunuka vibaya mwanzoni. Harufu ikigeuka tamu, kama ya kitunguu kilichoiva, karai huepuliwa papo hapo na samli ile humiminwa juu ya dengu. Ukichelewa, mchuzi wote umekuwa mchungu.

Miaka ikapita. Mama Kanta alihama na wanawe, akamwachia lile karai. Consolate alikuwa ameolewa na Méthode, karani wa posta, wakaishi Nyakabiga. Kila Jumapili baada ya misa, watoto na wajukuu walikusanyika kwake kula wali, chapati na dengu za Kihindi. Hakuonja kamwe. Kibakuli cha kwanza alikiweka dirishani, na baada ya mlo kilipelekwa kwa jirani. Padri mmoja mgeni alipomuuliza habari ya kibakuli kile, alijibu kwa upole, "Ni adabu tu, Padri. Mwenye nyumba hatangulii mgeni."

Kisha ukaja mwaka ule ambao watu wote walifunika pua na midomo. Consolate aliugua, akapona, lakini pua yake haikupona. Kahawa, sabuni, tumbaku ya mumewe, vyote vilikuwa kama maji. Hata ulimi ulikufa ganzi. Hakumwambia mtu, kwa kuwa aliogopa jambo moja tu: kunyang'anywa jiko na kukalishwa kama mgeni nyumbani mwake.

Jumapili ya kwanza mchuzi ulikuwa mchungu. Méthode alikula kimya, akaomba maji, akaomba tena. Jumapili iliyofuata mwanawe Rénovat akatania, "Mama, leo umetupikia dengu au makaa?" Wote walicheka. Consolate naye alicheka, kisha akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimekwisha oshwa.

Wiki iliyofuata Pascaline, mke wa Rénovat, alishuka mapema kutoka Kinanira. Alimkuta mama mkwe ameinama juu ya karai, mvuje ukitoa moshi mweusi.

"Mama, iko inaungua."

"Apana. Bado."

"Mama! Husikii hii harufu?"

Consolate akaweka mwiko chini. "Mi sisikii kitu, mukazana wangu. Tangu ile homa."

"Na hukusema?"

"Niseme nini? Mungenikalisha sebuleni na Méthode tuangalie mpira."

"Ungekufa, Mama."

"Ningekufa kweli."

Walicheka mpaka wakashika meza. Waliosha karai, wakaanza upya. Pascaline akachukua kijiko ili aonje dengu, na Consolate akamshika mkono.

"Mungu amekwisha kula?"

"Sasa tutajuaje, Mama?"

"Leta pua yako hapa. Masikio ninayo mimi."

Consolate akaupa moto mgongo, akafumba macho. Haradali ziliponyamaza alisema, "Sasa." Pascaline akatia bizari na mvuje, akanusa. "Bado. Bado... Imekuwa tamu!" Akaepua.

Mezani Méthode aliongeza sahani ya pili, wala hakuomba maji. "Leo nani amepika?"

"Masikio yangu na pua ya Pascaline," akajibu Consolate. "Yangu imekufa."

"Nilijua."

"Ulijua, ukanyamaza?"

"Mama Rénovat, hawa wengine wana kwao pa kurudi. Mimi nalala hapa."

Jumapili iliyopita Consolate alikaa tena kwenye kigoda, mgongo kwenye moto, akainua mkono haradali ziliponyamaza. Pascaline alipokwisha kumimina, Consolate alichota sehemu ya kwanza, akaiweka dirishani, akafunika kibakuli kwa kisahani, akatoka kuwaita watu mezani.