Meli Iliyokuwa Mchangani

Watu wakisikia kwamba tulilala baharini, huuliza habari za nyangumi. Habari hizo mwulizeni binti yangu, ndiye aliyewaona wa kwanza na hajachoka kuwasimulia. Mimi ninachokikumbuka zaidi ni namna tulivyoichagua meli, maana ilibaki kidogo tusiende kabisa.

Tunakaa Kiembeni, Mombasa, lakini nyumba yetu ni ya watu wa bara. Baba yangu alikuja Changamwe kufanya kazi ya kiwanda, mimi nikazaliwa huku. Mume wangu alikuja akiwa mtu mzima, na kazi yake ni kuendesha lori la makontena. Kwetu sisi bahari ni ya kutazamwa. Sikukuu tunakwenda ufukoni na chapati zetu, tunakunja suruali, tunalowesha miguu, tunapiga picha, kisha tunarudi nyumbani tukijisifu kwamba tumeoga baharini. Wenyeji wakituona hucheka, na siwalaumu.

Binti yangu ndiye aliyeleta mambo. Alifundishwa shuleni kwamba nyangumi hupita pwani yetu wakati wa upepo wa kusi, na kwamba zipo meli ndogo zinazowapeleka watu kuwatazama, wakalala humo humo siku kadhaa. Tangu siku hiyo hatukupumua. Nilikuwa nimejiwekea akiba kwa ajili ya likizo ya Agosti, na ukweli ni kwamba hata mimi nilitamani. Nimeishi kando ya maji haya maisha yangu yote bila kujua kilichomo.

Tatizo lilikuwa mdogo wake. Pasaka iliyotangulia, wimbi lilimwangusha ufukoni. Baba yake alimfikia upesi, wakatoka wote wawili wakikohoa, yakaisha. Kwa mtoto hayakuisha. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka: tukipanda feri ya Likoni kwenda kumwona bibi yake, alikuwa akifumba macho na kuficha kichwa kwapani mwangu mpaka ng'ambo. Nikasema wazi mezani, sisi ni wanne na tutakwenda wanne. Asipotaka mmoja, haendi mtu. Nilidhani nimesema neno la busara. Kumbe nilikuwa nimemtwika mtoto wa miaka minane nyangumi wa dada yake. Binti akaacha kumsemesha, na yule mdogo akawa anakula akitazama sahani.

Nikaanza kutafuta meli ambayo huenda ingemtoa hofu. Ya kwanza ilikuwa kubwa, ina muziki na ubao wa kutelezea majini, na mwenyewe aliniahidi nyangumi kama kwamba anawafuga. Mume wangu akasema kelele hizo zitamtia mtoto wazimu. Nikakubali. Ya pili ilikuwa nzuri mno, vitanda vyeupe, lakini haikuchukua watoto wadogo. "Unaona?" akasema mume wangu, na nikamwona amefurahi. Ya tatu ilikuwa ndogo, ya mbao, yenye injini na vyumba vitano tu. Inafuata pwani ya kusini mpaka kwenye visiwa, na ina mashua ya mpira ya kuwasogeza watoto karibu na matumbawe. Nilipomweleza mume wangu habari zake, akauliza mbona ni ndogo hivyo. Mchagua jembe si mkulima, nilimwambia, na kwa siku mbili tukaongea kwa kupitia watoto.

Nahodha wa meli hiyo alikuwa mtu wa Likoni, mpole, asiyeharakishwa na neno. Nilimpigia simu na maswali yangu yote: maboya ya kuvaa ya watoto, choo, daktari. Mwisho nikamwambia habari za mwanangu.

"Mama, mlete aione kwanza," akasema. "Njooni Jumamosi asubuhi, ni siku za bamvua. Maji yakipwa, hupwa sana."

Neno bamvua nilikuwa nikilisikia tangu utotoni bila kulijali. Nikaandika Jumamosi, basi.

Tulifika upande wa Kisauni, pale bahari inapoingia ndani, na bahari haikuwapo. Maji yalikuwa yamekwenda mbali, na meli yetu imesimama mchangani, imeegemezwa magogo huku na huku, tumbo lote nje. Vijana wawili walikuwa wakilikwangua.

Mume wangu alisimama, akatazama, akageuka. "Hii imekwisha kufa. Twendeni nyumbani."

Na mimi, niliyezaliwa Mombasa, nilimwamini. Nilikuwa nimekwisha kumshika binti mkono, machozi yakimlengalenga, tulipomsikia nahodha akituita. Watoto wakamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, ndipo akamgeukia mume wangu.

"Haina neno, bwana. Tumeipweleza makusudi, ipate kusafishwa chini. Maji yakirudi itaelea."

Alicheka, lakini si kwa kutudharau. Kisha akamwashiria mwanangu mdogo asogee, akamwambia, "Ndoo, mwanangu. Ndoo uitazame yote."

Mtoto akaenda, kwa sababu palikuwa na mchanga tu. Akalizunguka tumbo la meli, akaligonga kwa ngumi, akapita chini yake kwa kuinama, akauliza mkuku, ule mti mrefu wa chini, ni wa nini, na rafadha ya kuisukuma inazunguka upande gani. Baada ya hapo akauliza kama anaweza kupanda ngazi. Nikapanda nyuma yake, na dada yake nyuma yangu. Mume wangu alibaki chini, akisema anakagua mbao.

Tulipokuwa juu tukionyeshwa vitanda, maji yalianza kurudi, membamba, yakijaza nyayo zetu. Nahodha hakumficha mtoto.

"Maji yaja. Wataka kushuka?"

Akatazama ngazi. "Bado."

Yalipofika kwenye mkuku akamwuliza tena, na akajibiwa vile vile. Dada yake alikuwa amesimama karibu naye, na nikaona ameshika shati lake kwa nyuma. Nilitaka kulia. Nilijizuia, nisije nikamwonyesha mtoto kwamba kuna jambo kubwa linatendeka.

Ndipo nilipomtafuta mume wangu. Alikuwa bado chini, viatu mkononi, maji yamempita vifundo. Hakuwa akikagua chochote. Alikuwa ameyakazia macho maji yale, na sura yake naijua, niliiona Pasaka alipotoka baharini akikohoa. Siku ile nilidhani anamhofia mtoto. Ikaniingia sasa kwamba kelele za meli ya kwanza, udogo wa hii, yote yalikuwa kitu kimoja, na kwamba mimi mkewe nilikuwa nimemwita mchagua jembe.

"Panda, baba watoto," nikasema taratibu.

"Nyinyi nendeni tu. Mimi nitawangoja hapa."

Maji yakamfika magotini. Hakurudi ufukoni wala hakusogea kwenye ngazi. Nilikuwa nafikiria neno la kumwambia, lisilomwaibisha mbele ya vijana wale, mwanangu aliponipita. Alishuka ngazi kinyumenyume, kama alivyofundishwa na nahodha. Kwenye kidato cha mwisho alisimama, akavuta pumzi, akaingia majini. Yakamfika kiunoni. Nahodha alikuwa amekwisha kushuka nyuma yake, lakini hakumshika. Mtoto alitembea polepole, mikono juu, mpaka kwa baba yake.

"Mimi pia naogopa," akamwambia. "Twende pamoja."

Wakaja. Baba alimtanguliza mtoto kwenye ngazi, naye akafuata, viatu vyake vikaachwa kuelea mpaka kijana mmoja alipovikamata. Alikaa sakafuni mwa meli akiwa ameloa, na hakuna aliyemcheka. Tukakaa hivyo, sote wanne, mpaka meli ilipotikisika chini yetu, ikasita, ikanyanyuka.

"Tutakwenda na hii," mume wangu akamwambia nahodha, na mkono wa mtoto hakuuachia.