Mko Wangapi kwenye Simu Hii?

Nilipewa kazi ya kutafuta programu ya masomo ya mtandaoni kwa sababu moja tu: niliwahi kutoa karatasi iliyokwama kwenye printa ya ofisi. Kituoni kwetu mtu akishafanya hivyo mara moja, basi kila chenye waya ni chake. Mimi nilikuwa mwalimu wa Jiografia na Kiswahili. Kompyuta nilijifunza kwa kuhangaika nayo, na kuhangaika huko hakujaisha hadi leo.

Kituo chetu kiko Mkiwa, nje kidogo ya pale barabara inapogawanyika. Tunafundisha watu wazima waliokatisha shule, wanaotaka kufanya mtihani wa kidato cha nne wakiwa watahiniwa binafsi. Wengi ni akina mama wakulima wa alizeti na mtama, na walikuwa wakija Jumamosi. Mvua zikianza hawaji tena, maana shamba halisubiri mwalimu. Kila mwaka tulikuwa tunaanza na darasa lililojaa na kufika kipindi cha palizi tukiwa na madawati matupu. Ndipo mkuu wa kituo akasema masomo yawafuate kwenye simu zao, na akaniangalia mimi.

Nilimweleza mkuu kwa subira, kama ninavyowaeleza wanafunzi, kwamba kuchagua programu ya namna hii ni kama kutafuta nyumba ya kufanyia darasa. Ipo nyumba ya kupanga: kila kitu kipo tayari, unaingia na chaki yako tu, ila huruhusiwi kupigilia hata msumari, na siku mwenye nyumba akibadili masharti unatii au unahama. Kipo kiwanja chenye matofali ya bure: programu kubwa ambayo yeyote anaweza kuichukua na kuigeuza apendavyo, lakini ujenzi wote ni juu yako, na ukuta ukianguka hakuna wa kumlaumu. Na lipo duka la kawaida ambalo unaweza kulibandikia chumba cha darasa kwa nyuma: tovuti ya kawaida, kisha unaiongezea kipande kidogo cha kupangia masomo na mazoezi. Mkuu alisikiliza mpaka mwisho, akauliza ni ipi kati ya hizo yenye picha zinazotembea.

Alikuwa ameziona kwenye semina Dodoma. Unafungua tovuti, picha inapita, inakuja nyingine. Nilimwambia picha zinazotembea zinakula bando la mama wa kijijini Issuna kabla hajaona swali la kwanza. Baada ya siku mbili akanirudia tena na picha zake. Mwisho tulikubaliana picha moja, imetulia, ya mawe makubwa ya huku kwetu. Nikachagua kile kiwanja chenye matofali ya bure.

Kurekebisha programu iliyotengenezwa na mtu asiyekujua ni kama kupunguza nguo ya mtumba. Ukikaza kiuno, bega linapanda; ukishusha bega, mkono unakuwa mrefu. Nilitoa kalenda, ukurasa wa kwanza ukagoma kufunguka. Nikairudisha kalenda nikaificha. Nilitoa sehemu ya kuweka barua pepe, kwa kuwa wanafunzi wetu hawana, nikaweka namba ya simu mahali pake. Mfumo ukakubali, kisha ukaanza kuwatumia barua pepe watu wasio nazo, na kila siku ukaniletea mimi malalamiko kwamba hazijafika. Kila nilichogeuza nilikijaribu kwenye simu ya bei ya chini kuliko zote tulizoweza kuazima, kioo chake kimepasuka, nikiwa nimesimama nyuma ya choo cha kituo ambapo mtandao ni hafifu kama kijijini. Ninawashauri wote wanaofanya kazi hii wafanye hivyo. Usilijaribu darasa lako mahali penye raha.

Halafu mkuu akaomba jambo moja la mwisho. Orodha ya watakaosajiliwa kwa mtihani ilikuwa inatuletea maneno kila mwaka, huyu ni ndugu wa mwalimu, yule ni jirani wa mkuu. Alitaka mfumo wenyewe uchague: aliyemaliza mazoezi yote kwa jina lake yumo, asiyemaliza hayumo. Nikaweka tiki kwenye mipangilio. Namba moja ya simu, mwanafunzi mmoja. Asiyeingia kwa wiki tatu, afutwe. Nakumbuka nilijisikia vizuri. Nilidhani nimetenda haki.

Orodha ikatoka Alhamisi, nikaipeleka kwenye kundi la simu la wanafunzi. Kesho yake asubuhi, siku ambayo orodha hiyo ilipaswa kupelekwa kwenye usajili saa sita mchana, wakaja wanawake wawili kutoka vijiji vya ndani ya Issuna. Niliwajua. Mmoja alikuwa mama wa miaka arobaini na kitu, aliyeacha shule kidato cha tatu. Alikuwa anafundisha darasa la awali kijijini kwake kwa kujitolea, na alikuwa ameambiwa kwamba bila cheti cha kidato cha nne nafasi hiyo mwakani atapewa mwingine. Hiyo ndiyo iliyomrudisha darasani. Mwenzake, mdogo kidogo kwa umri, alikuwa wifi yake, dada wa mume wake. Jina la wifi lilikuwa juu kabisa ya orodha. La mama yule halikuwepo.

Nikamwamkia, maana ni mwanafunzi wangu lakini ni mkubwa kwangu.

“Marahaba, mwalimu,” akasema. “Nimesikia nimefutwa.”

Alisema taratibu, bila lawama, na hilo ndilo lililonichosha zaidi. Nilifungua kumbukumbu za mfumo. Jina lake lilikuwa limeingia mara moja tu, ile Jumamosi niliyowafundisha wote kufungua. Baada ya hapo, kimya. Nikamgeuzia kioo aone. Akasema yeye hajakosa hata zoezi moja.

Wifi yake ndiye aliyeeleza. Simu ni moja pale nyumbani, na ni yake; mwenzake ana laini yenye namba tu. Alasiri wakitoka shambani wanapanda wote wawili kwenye mwamba ulio nyuma ya nyumba, ndipo mtandao unaposhika. Yeye anafungua, anasoma swali kwa sauti, mama yule anajibu, yeye anabonyeza.

“Mimi nina vidole, yeye ana kichwa,” akasema.

“Na hivyo vidole vyenyewe,” mama yule akadakia, “mpaka nivikumbushe.”

Walicheka, wakaendelea kutaniana kuhusu nani kati yao aliisahau chaji kwenye banda la kuku. Nami nikacheka. Nikamuuliza mama yule kwa nini, zamu yake ilipofika, hakutoka kwenye jina la wifi yake akaingia kwa lake, kama nilivyowaonyesha. Alinitazama kama nimesema jambo lisilo na adabu.

“Mwalimu, nimtoe mwenye simu kwenye simu yake, ndiyo niingie mimi?”

Na ningepaswa kulijua hilo kuliko mtu yeyote, maana nimekulia nyumba kama yao. Darasa la kwanza tulikuwa tunasoma kitabu kimoja watu wanne, kimewekwa katikati ya dawati, watatu wamelikalia na wa nne ni jirani wa dawati la mbele aliyegeuka nyuma. Huyo wa mbele nilikuwa mimi. Nilijifunza kusoma herufi zikiwa zimenigeukia kichwa chini, na hata sasa naweza kusoma barua iliyo mbele ya mtu aliyekaa upande wa pili wa meza. Hakuna aliyewahi kuniuliza kitabu kile kilikuwa cha nani. Leo nimekuwa mtu mzima, nimepewa kompyuta, na swali la kwanza nililoweka mlangoni ni hilo.

Tukaenda ofisini kwa mkuu, sisi watatu. Alisikiliza. Si mtu mbaya. Aliogopa tu kwamba akifungua mlango kwa mmoja, yale maneno ya kila mwaka yatarudi. Akasema mfumo umeshasema.

“Mkuu,” nikamwambia, “mfumo ni mimi. Mimi ndiye niliyeweka tiki.”

Akaitazama saa ya ukutani. Ilikuwa imebaki kama saa moja na nusu. Akasema basi wapimwe, wote wawili, kila mmoja na karatasi yake na chumba chake, kwa maswali ya mazoezi yale yale. Nilitaka kusema kwamba tatizo ni la mmoja tu, nikaacha, kwa sababu alikuwa sahihi. Kama hatukujua ni nani aliyejibu, basi hatukujua kwa wote wawili. Utani wa wifi mtu ukaishia pale mlangoni.

Niliandika maswali kwa mkono. Nilikaa kwenye kibaraza katikati ya vyumba viwili, upepo unapeperusha vumbi la barabarani, nikimwona mmoja kulia na mwingine kushoto. Mama yule aliandika bila kuinua kichwa. Aliomba karatasi ya pili. Wifi yake aliandika jina lake vizuri sana, akajibu maswali mawili, kisha akawa anatazama dirishani.

Mkuu aliposahihisha, aliziweka karatasi zao mezani, za mama yule zimejaa, ya wifi ina majibu mawili. Nilimwonea huruma yule mdogo, na nilianza kueleza kwamba muda ulikuwa mfupi, kwamba mtu akizoea simu, karatasi humtisha. Wifi mwenyewe ndiye aliyenikatiza.

“Mwalimu, acha. Jina langu limepandishwa na wifi yangu. Andikeni lake. Mimi nitasoma, nije mwakani kwa miguu yangu.”

Mama yule akamshika mkono, akamwambia kitu kwa Kinyaturu, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa ya sisi kusikia. Mkuu akakata mstari kwenye jina la juu. Chini kabisa ya orodha iliyochapwa na mashine akaandika jina la mama yule kwa kalamu ya bluu, akaweka sahihi pembeni. Karatasi ikaondoka saa sita kasoro.

Baada ya hapo nilirudi kwenye kompyuta, na ilinichukua wiki nyingi kuliko zile za mwanzo. Sasa mwanafunzi akifungua somo, mfumo unauliza kwanza: Mko wangapi kwenye simu hii leo? Kila mmoja anagusa jina lake, na swali linakuja kwa zamu, hili lako, lile la mwenzako. Inaonekana rahisi ukiisoma hapa. Programu ile haikutengenezwa kwa watu wawili juu ya mwamba mmoja, na kila nilipoongeza mtu wa pili ilimsahau wa kwanza. Nikaja kugundua pia kwamba wanaanza na mkubwa kila mara, hata zamu ikiwa ya mdogo, nikaacha iwe hivyo. Ile sheria ya kufuta watu baada ya wiki tatu niliiondoa. Ninawafuata mwenyewe kwa simu. Inachosha, lakini ukimpigia mtu anakuambia kwamba mtoto anaumwa, au kwamba wanavuna.

Mama yule alifanya mtihani na akafaulu, si kwa alama za kujivunia ila za kutosha. Bado anafundisha darasa la awali, na bado anasubiri majibu ya nafasi ya kwenda chuo cha ualimu. Mkuu ameniuliza tena kuhusu picha zinazotembea.

Wiki iliyopita nilikuwa napitia kumbukumbu za jioni. Simu ya wifi ilikuwa imeingia saa kumi na moja. Mko wangapi? Wawili. Majina mawili yameguswa, lake na la mama yule, ambaye hana tena zoezi la kufanya. Majibu yote yalikuwa chini ya jina la mdogo. Mengi yalikuwa sahihi, na yale yaliyokosewa alikuwa ameyakosea mwenyewe.

Kwa utaratibu wa kituo, aliyekwisha kufaulu anatolewa kwenye mfumo. Nimesogeza kidole mpaka kwenye jina la mama yule mara mbili. Sijamtoa.