Kurudisha Jibu Olmotonyi

Niliondoka Dar es Salaam kwa sababu ya sentensi moja. Mkuu wa mradi wetu, ambaye nimefanya naye kazi tangu nikiwa mwanafunzi, aliisema kikaoni bila hata kunitazama: "Familia ambayo hatukukuta kitu haina habari. Usipoteze muda kuifuata." Tulikuwa watu sita mezani. Hakuna aliyeinua macho kwenye kompyuta yake.

Ninatafiti vinasaba vya ugonjwa wa kusahau, ule unaomfanya mtu mzima asimjue mwanawe. Miaka sita iliyopita mimi ndiye niliyepanda Olmotonyi, kwenye miteremko ya Mlima Meru, nikachukua damu ya mama mmoja na binti yake. Mama alikuwa ameanza kupotewa na kumbukumbu kabla hajafika hamsini, na mama yake mzazi alifariki akiwa hatambui watu. Tulishuku ugonjwa wa kurithi. Niliahidi kurudi na majibu ndani ya mwaka mmoja. Majibu yalitoka: mabadiliko ya vinasaba tuliyokuwa tunayatafuta, hawana. Niliyasoma, nikaendelea na familia nyingine, nikamaliza tasnifu yangu, nikaanza kuitwa daktari. Wao hawakuambiwa hata neno.

Nilitoka kwenye kikao kile nikimlaani mkuu wangu. Kufika nyumbani nikatambua kwamba nusu ya laana ile ni yangu. Nikaomba likizo.

Ijumaa alfajiri nilipanda basi. Kwenye mashamba ya mkonge ya Korogwe nilifungua faili la familia ile na sikulifunga hadi Same, upepo ulipoanza kutupiga vumbi madirishani. Kurasa kumi na nne. Umri, miaka ya shule, majina ya ndugu, maswali ya kupima kumbukumbu, namba za mirija. Niliutafuta mwandiko wangu mahali ambapo ningekuwa nimeandika jambo lolote kuhusu mama yule mwenyewe. Hapakuwa na kitu.

Jioni nilifika Kijenge kwa mama mdogo, mdogo wake marehemu mama yangu, ambaye ana duka la vitambaa mjini. Alinipakulia chakula, akanisikiliza hadi mwisho.

"Yaani umetoka Dar kuja kusema hamkuona kitu? Si ungepiga simu?"

"Namba yao nilishaifuta, mama."

Akaacha kula.

Jumamosi saa tatu asubuhi nilipita Ngaramtoni, nikapanda hadi karibu na chuo cha misitu. Mlima ulikuwa umejifunika wingu hadi kiunoni. Niliambiwa Naserian, yule binti, anafanya kazi kwenye kitalu cha miche. Nilimkuta amechuchumaa akijaza udongo kwenye viriba. Alinitambua mara moja.

"Habari za siku, Naserian."

"Za miaka sita unazitaka zote, au nianze na mwaka huu?"

Akaendelea kujaza udongo huku akiongea, bila kupandisha sauti. Alinikumbusha kwamba siku ile kitongoji kizima kilikusanyika nyumbani kwa balozi wa nyumba kumi, nami nikasimama na kipaza sauti kueleza kwamba tunatafuta ugonjwa unaofuata damu. Kisha gari letu likaenda kwenye boma moja tu. La kwao.

"Mlipoondoka, watu wakajumlisha wenyewe," alisema. "Nilikuwa nimeshachumbiwa, unakumbuka? Ulinipongeza. Wazee wa upande ule walirudi wakasema hawawezi kuingiza damu hiyo kwao. Hawakusema laana, hawakusema uchawi. Walisema damu. Neno hilo waliletewa na wewe."

Nikamwambia majibu palepale. Tulichokitafuta hatukukipata, si kwake, si kwa mama yake. Nikaeleza kwamba hilo halimaanishi tumepima kila kitu cha damu, na kwamba kuhusu bibi yake siwezi kusema lolote. Aliinuka polepole, mikono imejaa udongo.

"Mmejua tangu lini?"

"Miaka mitano."

Aliipiga teke ndoo ya maji ikabingirika hadi kwenye miche. Wenzake waligeuka kutazama.

"Na umekuja kuninong'oneza hapa? Lile ulilisema kwa kipaza sauti. Hili nalo ukaliseme kwa kipaza sauti!"

Mchana tulikwenda kwao. Mama alikuwa ameketi uani, jua la utosi, amevaa sweta mbili na shuka juu yake. Uso ulikuwa umevimba. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akakaa kimya muda mrefu kabla ya kuitika marahaba kwa sauti nzito, ya kukwaruza. Naserian alimlisha loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, kijiko kwa kijiko. Nilimuuliza mama anatibiwa wapi.

"Hatibiwi. Mlisema ni ugonjwa wa kichwa usio na dawa. Tungempeleka wapi tena?"

Mimi si daktari wa kutibu wagonjwa. Kazi yangu ni maabara. Hata hivyo, nilimwomba aniruhusu nimpeleke mama hospitali mjini Jumatatu. Alinitazama kama mtu anayepima mzigo.

"Kwanza kesho kanisani," alisema.

Jumapili, baada ya ibada, washarika walitoka nje kwa ajili ya mnada wa sadaka: ndizi, mayai, maziwa, jogoo wawili. Mwinjilisti, ambaye Naserian alikuwa amemwona asubuhi, alisimamisha mnada na kunipa kipaza sauti. Nilisema mimi ndiye niliyekuja miaka sita iliyopita. Nilisema tuliitafuta kasoro ya kurithi kwenye damu ya familia ile, hatukuipata, tukanyamaza. Nilisema aliyewahukumu kwa damu yao alihukumu kwa maneno yangu, na maneno yangu hayakuwa na ushahidi.

Mzee mmoja mwenye fimbo aliuliza, "Kwa hiyo mlikosea?"

Nilikuwa na majibu ya kitaalamu tele. "Tulikosea, mzee."

"Na mlisubiri nini?"

Nilirudisha kipaza sauti, mnada ukaendelea. Mama wa yule mchumba wa zamani alikuwepo. Alinunua trei ya mayai akaondoka bila kutusogelea. Nilimuuliza Naserian kama alitaka nimfuate.

"Wa nini? Simtaki mwanawe. Nilitaka wasikie tu."

Jumatatu asubuhi tulikuwa hospitali mjini. Daktari, kijana mpole, aliacha karatasi mezani akamsogelea mama, akamshika mkono, akaigusa ngozi, akamkagua shingo.

"Amekuwa akisikia baridi hivi tangu lini?"

Naserian alinigeukia mimi. "Hata siku ile alikuambia. Ukasema fomu haina sehemu hiyo."

Nilikumbuka. Nilikumbuka hata kalamu niliyokuwa nimeishika.

Jumatano majibu yalitoka. Tezi ya shingoni ilikuwa karibu imeacha kufanya kazi, na pengine kwa miaka mingi. Tezi hiyo ikilala, daktari alieleza, akili nayo huzama, na mtu huonekana amepoteza kumbukumbu. Dawa ni kidonge kimoja kila siku. Alituonya kwamba kwa kuchelewa hivi, huenda baadhi ya mambo yasirudi. Nilitoka nje, nikaegemea ukuta. Damu yake tuliihifadhi kwenye barafu, tukaisafirisha, tukaisoma herufi kwa herufi. Kipimo cha kawaida, kinachofanyika mjini humo humo, hakuna aliyekifikiria.

Alhamisi nilirudi Dar. Ijumaa niliingia ofisini kwa mkuu wangu nikamsimulia yote nikiwa nimesimama. Alisema, "Uchunguzi wa hospitali haukuwa jukumu letu." Nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyeandika tasnifu kwa damu ya mama yule, basi jukumu ni langu, na majibu ya familia zote yatarudishwa hata akipinga. Alipinga. Barua niliyoandika kuomba majibu yarudishwe sasa iko kwenye kamati ya maadili, na nimepewa onyo la maandishi.

Wiki kadhaa baadaye Naserian alipiga simu.

"Leo mama amenigombeza. Kisa nimeacha lango la mbuzi wazi." Alicheka, kisha sauti ikamkatika. "Jina langu bado linampotea. Lakini amenigombeza."

Nilijifunza kwamba swali langu halikuwa swali la mama yake. Mimi niliuliza amerithi nini. Yeye alikuwa anasema anaumwa nini. Nilijaribu kumweleza Naserian hivyo, akanikatiza.

"Zile familia nyingine mlizopima, umeshawarudia?"

"Bado."

"Sasa Dar unafanya nini?"