Vitabu Nilivyovusha Mtoni

Kwa miaka miwili mizima niliamini kwamba ile mashine kubwa ya Malaba, inayopiga picha malori, inaweza kusoma kichwa cha mtu. Utingo mmoja alinipa habari hiyo tukinywa chai kando ya foleni ya malori, akaniapia kwa mamake mzazi. Alisema dereva fulani alisoma kitabu cha kupinga wakubwa, akapita kwenye mashine, na picha ilipotoka maneno yote yakaonekana yamepangwa kwenye mbavu zake, mstari kwa mstari, hadi nambari za kurasa. Dereva akachukuliwa. Lori lake likabaki pale mpaka likaota nyasi.

Mimi ni mpakiaji wa mizigo. Wakati huo nilikuwa nasoma ngumbaru, darasa la jioni la watu wazima, na nilikuwa mwanafunzi hodari kuliko wote waliowahi kuzaliwa upande huu wa Kenya. Siku nikijifunza neno gumu kama "ukandamizaji", nilizunguka mbali sana na mashine ile huku nimejifunika kifua kwa gunia.

Kwenye dawati langu nilikaa na mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani. Mumewe alikuwa akivusha sukari kwa njia ya panya, kule mtoni, na wanaume wenye rungu walioishika njia ile walimpiga mpaka akafa. Hawakuwa na sare wala kibali, walikuwa wameishika tu. Mama hakulia darasani hata siku moja. Alikuja kujifunza kusoma kwa sababu moja. Mwalimu mstaafu wa Chakol, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kengele, alikuwa amekusanya masimulizi ya watu waliopigwa mpakani, na kampuni moja ndogo ya vitabu Nairobi ilikubali kuyatoa. Kampuni yenyewe ni watu watatu na birika moja la chai, lakini wanatoa vitabu ambavyo wengine wakiviona wanafunga dirisha. Kifo cha mume wa mama kilikuwa na ukurasa wake, na siku ya uzinduzi ulikuwa usomwe mbele ya watu.

"Nitakusomea," mwalimu alimwambia.

"Ukisoma wewe watakupigia wewe makofi," mama akamjibu. "Huo ukurasa ni wangu. Nitausoma mwenyewe."

Akafanya mazoezi miezi minane kwa kurasa alizopewa na mwalimu, kidole kwenye mstari, na mimi kando yake nikimsahihisha kama waziri wa elimu.

Wachapaji wa Nairobi walipogoma kukigusa kitabu kile, kikachapwa Kampala. Lori likaacha boksi mbili dukani ng'ambo ya Malaba, upande wa Uganda. Mwalimu akaniomba nizichukue, niziwahishe Busia kabla ya Jumamosi. Nikasema, "Hakuna shida, mwalimu." Lakini niliwaza ile mashine. Mimi nipite pale getini mpakani na boksi mbili za vitabu kama hivyo? Mimi ambaye kichwani nina sura tatu nzima za kitabu hicho? Picha yangu ingetoka imeandikwa kama ukuta wa siasa.

Kwa hiyo nikaenda kupitia mtoni na nikarudi kupitia mtoni.

Ilikuwa saa sita mchana. Maji yalinifika kiunoni, boksi moja kichwani na nyingine begani. Nilipopanda ukingo wa upande wetu walikuwa wananingoja, wanaume wanne. Nikiwa kwa kinyozi huwa nasema walikuwa thelathini, lakini hapa naandika, na walikuwa wanne.

"Boss, umebeba nini?"

"Vitabu."

Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Rungu la kwanza likanipata mgongoni, na naapa lilisikika Tororo. La pili likaipeleka pua yangu kusalimia sikio. Boksi moja ikatumbukia mtoni na nikaiona ikienda zake, inazunguka polepole. Ile nyingine wakaipasua kwa panga wakitafuta pombe ya vifuko, wakakuta vitabu kweli. Hapo wakakasirika zaidi, kana kwamba nimewadanganya. Wakanipiga mateke ya mbavu wakibadilishana zamu.

Mkubwa wao akaokota kimoja, akakigeuza juu chini. Hakujua kusoma. Nikaliona hilo kwa jicho langu moja lililobaki wazi, na Mungu anisamehe, nikajisikia vizuri.

"Wewe unajua?" akaniuliza.

"Najua."

"Soma. Hapa." Akakifungua katikati, akanishika nywele.

Nikasoma. Kuna watu wangebuni kitu chochote pale, wangesema ni kitabu cha nyimbo za kanisa. Mimi sikuwaza. Nilikuwa nimeambiwa nisome, na nilikuwa hodari wa darasa. Nikasoma kwa sauti, damu ikinidondoka kwenye karatasi, kila mkato nikiupumzikia kama tulivyofundishwa. Ulikuwa ukurasa wa mama. "Wa kwanza kumpiga," nikasoma, "alikuwa mwanamume aliyevaa gambuti nyekundu. Mume wangu alimwomba kwa jina la mamake, naye akampiga mdomoni ili asiendelee kuomba."

Ndipo nikatazama chini, nikaziona gambuti, buti za mpira, miguuni mwa yule aliyenishika nywele. Rangi yake ilikuwa imepauka, lakini zilikuwa nyekundu.

Hakuna aliyecheka tena. Akaniuliza polepole, "Nani amesema hivyo?" Akanivunja meno mawili kwa kisigino. Kisha mmoja wao, ambaye kumbe alijua kusoma kidogo, akatoa kwenye boksi karatasi ya mwaliko. Akasoma kwa kutafuna herufi: uzinduzi, Busia, Jumamosi, saa nane, ukumbi nyuma ya soko. Akaikunja na kuitia mfukoni. Wakaniacha.

Nilifika Busia kwa pikipiki, nimekumbatia vitabu ishirini na moja nilivyookota ukingoni, vimelowa matope. Mwalimu aliponiona alishika kichwa. Nikawaeleza yote, yeye na mama, hata nilivyosoma vizuri.

"Tuahirishe," mwalimu akasema. "Mama, wanakuja. Wanajua mahali na saa."

Mama alikuwa anakausha vitabu juani, kimoja kimoja, kama anavyoanika omena. "Wacha waje," akasema. "Si hata wao wanahusika?"

Jumamosi ukumbi ulijaa. Walikuja wapakiaji, wauza nguo, na wale wafanyabiashara walemavu wanaovusha mizigo kwa baiskeli za magurudumu matatu. Walikuja hata wazee kutoka Butula waliodhani ni mkutano wa miwa. Mwalimu alisema maneno machache. Kijana wa kampuni aliyetoka Nairobi alisema maneno mengi. Kisha mama akasimama, akaweka kidole kwenye mstari.

Alikuwa ameshasoma mistari sita mlango ulipopigwa teke. Wale wa mtoni waliingia na wengine, saba au wanane, wanapiga chochote kilicho mbele yao. Kijana wa Nairobi alipasuliwa paji la uso akaanguka juu ya meza ya vitabu. Mwalimu alirushiwa kiti, kikamvunja kidole. Watoto wakatupwa nje kupitia dirisha na mama zao wenyewe. Mimi, pamoja na mbavu zangu zilizoumia, nilimrukia mtu na kumng'ata sikio, na ladha yake siwezi kuwaeleza.

Mama hakuacha kusoma. Alipandisha sauti tu. Wa gambuti nyekundu alimfikia akiwa mstari wa kumi hivi, akashusha rungu. Mkono wa mama wa kushoto ukavunjika, tukausikia. Kitabu kikaanguka. Akainama, akakiokota kwa mkono wa kulia.

Hapo ukumbi ukageuka. Mzee mmoja wa baiskeli ya magurudumu matatu alikuwa ameuziba mlango kwa baiskeli yake, akimchapa kwa mnyororo wa gia kila mvamizi aliyetaka kutoka. Wapakiaji wakamwangusha yule wa gambuti nyekundu. Nimebeba magunia maisha yangu yote na sijawahi kusikia sauti kama ile ya miguu hamsini juu ya mtu mmoja. Mtu akapaza sauti, "Tairi! Leteni tairi!" Na tairi likaja, kwa wepesi wa kutisha. Mwingine alikuwa na petroli kwenye chupa ya soda.

"Mwacheni," mama akasema.

"Mama, huyu ndiye aliyemuua mzee wako!"

"Kwani mimi simjui? Mwacheni. Sijamaliza."

Wakamkalia watu wanne, mmoja miguuni. Uso wake ulikuwa umevimba kama ugali uliofura. Mama akakaa sakafuni karibu na kichwa chake, mkono mmoja ukining'inia, akaniambia nimshikie kitabu. Akaanza upya, mstari wa kwanza kabisa. Alisoma taratibu. Alikwama mara mbili, na sikumsaidia. Alipofika penye gambuti, yule mtu alijaribu kugeuza uso, na waliomkalia wakamrudisha. Alisoma mpaka nukta ya mwisho. Petroli ikamwagwa mtaroni, naye akapelekwa kituoni kwa mkokoteni, akiwa hai.

Kwenye zahanati tuliwekwa benchi moja, mama akingoja plasta ya mkono, mimi nikingoja kushonwa mdomo.

"Lakini wewe," akaniuliza, "ulipitia mtoni kwa nini?"

Nikamweleza habari ya mashine. Nilimweleza yote, mbavu, mistari, nambari za kurasa.

"Hiyo mashine ni ya malori," akasema. "Inaangalia mizigo ndani ya kontena. Watu hawapitishwi humo. Na vitabu si magendo. Mimi nimepita getini wiki tatu na kurasa zangu za mazoezi juu ya beseni la omena. Afisa alizishika, akaziangalia, akaniambia, 'Pita, mama.' Ungepita tu getini."