Laptop ndogo ya gaming: niliipima kwenye baridi ya Sumbawanga, ikanizimikia Muze

Wakuu, habari za majukumu.

Hiki kisa nakileta kama kilivyotokea, chumvi nimeiacha jikoni. Najua humu kuna wataalamu wa kompyuta watakaonicheka, na wana haki yao. Ila nimeona nyuzi nyingi watu wanauliza kama laptop ndogo ya gaming inafaa au itachemka, nikaona nieleze yaliyonikuta.

Mimi niko Sumbawanga mjini, kazi yangu ni kuchora mabango na stika za magari. Mtu wa gemu siyo kivile. Laptop niliinunua kwa ajili ya baba yangu.

Baba alikuwa dereva wa lori. Maisha yake karibu yote ameyamalizia kwenye barabara ya kushuka bonde la Ziwa Rukwa kufuata mpunga, na ile ya Mpui na Laela akiwa na mahindi. Mwaka juzi akapata kiharusi. Upande wa kushoto ukalala.

Baridi ya huku juu ikawa inamkaza zaidi, basi tukamshusha Muze, kule bondeni, akakae kwa dada yangu Yasinta. Kule joto lipo muda wote.

Mtaalamu wa mazoezi alituambia mguu wa kushoto unaweza kurudi, ila mpaka mwenyewe autumie kila siku. Baba hakutaka. Alikuwa analala anaangalia ukuta. Ukimwambia ajaribu hatua mbili tu anakujibu taratibu, "Mwanangu, niache nipumzike."

Wakuu, upole ule ulinitisha. Baba yangu alikuwa mkali, mtu wa kupiga honi getini mpaka majirani watoke. Nilianza kuogopa kwamba hatainuka tena kitandani, na kwamba ameshakubali.

Sasa siku moja niko kibandani kwangu nasubiri rangi ikauke, nikakutana na video kwenye simu. Jamaa anaendesha lori la kwenye gemu kwa usukani wa kufunga mezani. Barabara ndefu, mvua inanyesha, wiper zinakwenda na kurudi. Hakuna kinachotokea, lori linakwenda tu.

Niliitazama mpaka mwisho. Nikawa kama naota macho wazi, namuona Baba ndani ya ile kabini, kiwiko dirishani. Mkono wa kulia ni mzima na mguu wa kulia ni mzima. Nikasema huyu mzee ataendesha.

Nikaingia mtaa wa Majengo. Kuna mzee mmoja wa makamo pale anauza laptop used, nimuite Mzee Hamisi. Nikamwambia nataka laptop inayobeba gemu la malori, iwe ndogo, maana nitashuka nayo Muze kwenye gari lililojaa watu na magunia.

Akanitolea moja ya inch 14. Nyembamba, nyeusi, nzuri kuishika. Ina graphics card yake yenyewe, RAM 16. Brand siitaji kwa sababu shida haikuwa ya kampuni, mtaona.

Hapa sasa ndipo nilipokosea, na ni kosa la mtu wa Ufipa hasa.

Ulikuwa mwezi wa saba. Wanaoijua Sumbawanga mwezi wa saba wananielewa. Mlango wa duka uko wazi, upepo unaingia, kila mtu dukani kavaa koti na mwingine kajifunga blanketi mabegani. Tukaliwasha gemu. Laptop ikaanza kupuliza hewa ya moto pembeni.

Mzee Hamisi akasogeza viganja pale kwenye tundu akavikanda. Mteja mwingine aliyekuja kununua chaja naye akasogea. Na mimi nikasogeza mikono yangu. Tukasimama watatu tunaota moto wa laptop huku lori likitembea kwenye kioo bila kukwama.

"Inapuliza vizuri hii," yule mteja akasema.

Nikaona kweli. Huku kwetu kitu chenye joto ni kitu kizuri, tumezaliwa hivyo. Haikunijia akilini kabisa kujiuliza lile joto linatoka wapi na litakwenda wapi siku hakuna upepo. Niliipima saa nzima, haikusumbua, nikalipa. Mzee Hamisi akanipa wiki mbili za kurudisha ikileta shida. Usukani wa kufunga mezani niliuagiza Dar, ukanifikia na basi.

Nikashuka Muze.

Ile safari naipenda. Unatoka juu ukiwa na sweta, gari linaanza kuteremka mlima, na kila kona unahisi hewa inabadilika. Chini bonde limelala lote na ukungu wa joto juu yake, ziwa hulioni vizuri ila unajua lipo. Nilivua sweta katikati ya mlima, nikavua na shati la pili. Laptop ilikuwa mapajani na sikuiwazia lolote.

Kwa Dada nilifika mchana. Nikaiweka juu ya meza ya sebuleni, palepale juu ya kitambaa chake cha kufuma ambacho haruhusu mtu akiguse. Nikafunga usukani. Mimi na Dada tukambeba Baba kutoka chumbani, tukamkalisha kwenye kiti. Hakugoma, ila hakuuliza kitu.

Nikawasha.

Ilitokea barabara ya ughaibuni huko, pembeni kuna weupe mtupu.

Baba akatazama muda mrefu. Kisha mkono wake wa kulia ukapanda wenyewe juu ya usukani.

"Huu ni umande?" akauliza.

"Ni theluji, Baba."

Akakanyaga mafuta. Wakuu, alikuwa hajauliza swali kwa miezi. Nilisimama nyuma ya kiti chake. Alikuwa anatazama kioo cha pembeni, anapunguza kabla ya kona, anajiongelesha kwa Kifipa mambo ya lori. Jasho linamtoka kwenye paji la uso na mbele yake ni theluji tupu.

Dakika kama kumi hivi. Feni za laptop zikaanza kulia kama nzi kwenye chupa. Picha ikawa inakatakata. Lori likawa linaruka hatua. Halafu kioo kikawa cheusi, kimya.

Niliigusa chini nikaondoa mkono haraka.

Baba aliangalia kile kioo cheusi kidogo, akaondoa mkono kwenye usukani akauweka mapajani. Moyo wangu ulivunjika pale, nasema ukweli. Nilijiona nimempa mtu kitu nikamnyang'anya hapohapo. Nikasema kwa hasira kwamba kesho naipandisha Majengo nikamrudishie mwenyewe.

"Imechemka," Baba akasema.

"Ndiyo, Baba. Ni mbovu."

"Gari likichemka siyo bovu. Inapumulia wapi?"

Nikaigeuza nikamuonyesha matundu, yako chini. Na nyuzi za kitambaa cha Dada zimevutwa humohumo.

"Sasa umeilaza kifudifudi juu ya shuka, ipumue vipi? Na saa nane ya Muze hii." Akanitazama kama alivyokuwa akimtazama utingo aliyesahau jagi la maji ya rejeta. "Sisi tukiwa na mzigo wa mpunga, mlima ule tulikuwa tunaupanda saa ngapi?"

Nikakumbuka. Malori yote ya mpunga yalikuwa yanaanza kupanda alfajiri, kabla jua halijashika mawe. Ukichelewa unalala chini usubiri kesho. Enzi zile rejeta ilikuwa inaamua saa zako za kazi.

"Saa kumi na moja," nikajibu.

"Basi."

Jioni ile nikafanya kazi. Nikaifungua nikatoa vumbi. Nikainua miguu ya nyuma kwa vizibo viwili vya soda kila upande. Nikashusha settings zote za gemu, nikafunga frame 30 kwa sekunde, nikazima ile boost ya processor ambayo inaikimbiza bila sababu. Kitambaa cha Dada kikaondoka mezani, na manung'uniko yake nikayapokea.

Alfajiri tukambeba Baba, tukaanza safari.

Hizo asubuhi, wakuu, sijui niwaelezeje. Muze saa hiyo kuna kaubaridi kidogo, madirisha yote yamefunguliwa, jogoo wa jirani wanapokezana. Na sebuleni kuna lori linakwenda nchi ambayo hakuna hata mmoja wetu anayeijua. Baba hakuyasoma yale majina ya miji, aliyapa ya kwake. Penye ukungu alisema hapa Mpui. Tukipita mashamba makubwa anasema Laela hii, mahindi yamechelewa. Kuna siku niliamini kabisa kwamba tutakata kona moja tutokee kwetu.

Kwenye kona ya kioo niliweka namba za joto. Zikifika tisini namwambia, "Baba, imepanda." Anawasha indiketa, anatoka barabarani taratibu, anaegesha, anawasha taa za hadhari. Nalisimamisha gemu, tunakaa tunatazama nyasi za watu za kwenye kioo mpaka namba zishuke.

Dada akileta uji wa ulezi anatukuta tumeduwaa.

"Leo mmepaki nchi gani?"

"Usituharakishe," Baba anamjibu. "Gari linapumua."

Jua likishapanda na bati likianza kulia, safari imekwisha mpaka kesho. Ukijaribu saa nne tu inazima. Nilijaribu feni ya mezani, nikajaribu kuiweka kwenye sakafu ya sementi, haikusaidia. Ile laptop ndogo kule bondeni ina saa moja na nusu tu ya kazi kwa siku. Nilikuwa bado nawaza kuirudisha na kuongeza hela nichukue kubwa yenye feni za maana, tukae tunaendesha mchana kutwa.

Asubuhi ya sita nikapitiwa na usingizi.

Nikaamshwa na muungurumo wa lori. Nikajua Dada amembeba peke yake, nikatoka mbio kumlaumu. Dada alikuwa nje anawasha moto.

Baba alikuwa kwenye kiti, usukani mkononi, laptop imewaka. Nyuma yake, kutoka mlango wa chumba chake mpaka mezani, kiti cha plastiki kilikuwa kimeacha mikwaruzo kwenye sakafu. Alikishika, akakisukuma, akajivuta, akakisukuma tena. Nilikwenda kuhesabu. Hatua kumi na nne.

Hakugeuka kunitazama.

"Ulikuwa umelala," akasema. "Jua lingetuwahi."

Nilitoka nje nikasimama nyuma ya nyumba nikalia, mtu mzima na ndevu zangu. Dada akaja akauliza kuna nini, nikamuonyesha tu mlango kwa kidole. Aliingia, na yeye akatoka analia.

Ingekuwa laptop isiyochemka, mzee yule tungembeba saa yoyote anayotaka. Asingekuwa na sababu ya kuwahi.

Wiki mbili za Mzee Hamisi ziliisha laptop iko Muze. Ipo mpaka leo.

Sasa nilichojifunza, kwa mnaotaka kununua. Laptop ndogo ya gaming itachemka, mwili wake ni mwembamba na joto halina pa kukaa. Ipime kwenye hali ya hewa utakayoitumia, usiipime Sumbawanga mwezi wa saba halafu ukaishi nayo bondeni au Dar. Angalia matundu yako wapi. Usiiweke kitandani wala kwenye kitambaa. Shusha settings bila aibu. Na wenzangu wa huku juu, mikono yenu ikipata raha pale kwenye tundu, ulizeni mara mbili.

Kama kuna mtu amebadilisha thermal paste kwenye hizi ndogo atuambie kama inaleta tofauti, na kama nimekosea mahali nisahihisheni.

Ila lililonileta hasa ni hili. Usukani niliomnunulia una pedali mbili tu, mafuta na breki. Jana Dada alinipigia, Baba akachukua simu mwenyewe. Anataka wa pedali tatu, wenye klachi. Anasema mguu wa kushoto umekaa bure.

Mwenye kujua unapopatikana, naomba aniandikie hapa chini.